Mtungi Uliovuka Mafuriko

4 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Salamu tele, tele kama matope yaliyo mlangoni kwangu. U mzima? Cherehani inakutii, au bado mnagombana? Mimi mzima, ila mgongo.

Bila shaka umesikia redioni kwamba mto umetutembelea. Mtaa wa wafinyanzi wote umekombwa: mabanda, vyungu vibichi, na lile tanuri tulilochomea sote sasa ni shimo la maji. Fundi Tanuri, yule mzee aliyelijenga, huenda kulitazama kila asubuhi kama mtu anayezuru kaburi.

Kwangu kimepona kitu kimoja, mtungi alioufinyanga marehemu bibi yako. Niliukuta umekaa juu ya tope, mzima kama yai. Nikacheka, nikalia.

Mama yako

19 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Pole, na pole tena. Mimi sijambo, na cherehani imeacha ukorofi.

Nimekwenda ofisi moja ya wahisani hapa mjini. Wanasaidia mafundi wa sanaa waliopatwa na maafa. Nimewaeleza habari zenu mpaka koo likakauka. Wanakuja! Wapokee vizuri, Mama, na huo ulimi wako uufunge kamba kidogo.

Kitindamimba wako

30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Afya yako? Huku tunajikongoja.

Wahisani wako wamefika. Vijana wapole, wanamwamkia kila mtu, hata rika lao. Wametuletea gurudumu la kufinyangia linalotumia umeme. Umeme wenyewe, nguzo zimelala tangu siku ya mto. Wakanikalisha nyuma yake, wakanipiga picha, wakasema, "Mama, usitabasamu."

Fundi Tanuri akawaambia, "Tupeni matofali ya tanuri tu, kujenga tutajenga wenyewe." Wakamjibu kwamba tanuri halimo kwenye mpango wa awamu hii. Ndiyo hivyo, mfinyanzi hulia gaeni.

Wameuazima mtungi wa bibi yako kwa ajili ya maonyesho huko mjini. Moyo ulisita. Nimeutoa kwa kuwa wanakujua wewe. Nenda ukauangalie.

Mama yako

8 Julai

Mama,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana.

Mtungi wa bibi nimeuona. Ni vipande, Mama. Wamevipanga juu ya kitambaa cheupe na kuviwashia taa. Nikamfuata mpangaji wa maonyesho: "Ulivunjika njiani?"

"Hapana, dada. Ukiwa mzima ulikuwa hauonyeshi maafa. Ilibidi."

Na watu wamesimama mbele yake wanafuta machozi!

Mkubwa wa wahisani anaahidi tanuri jipya kwa mtaa mzima, ila uje siku ya kufunga maonyesho, usimame pale, useme mto ndio uliouvunja. Nilitaka kumrukia. Nikawakumbuka Fundi Tanuri na wenzako wote, nikajizuia. Amua wewe. Nami unisamehe.

Kitindamimba wako

25 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Niliwasomea wenzangu barua yako. Mmoja akasema, "Mtungi ndiyo umeshavunjika, bibie. Na sisi tuna watoto." Wengine wakaitikia. Fundi Tanuri hakuitikia wala hakukataa. Aliinama tu, hakuniangalia usoni, na tangu siku ile hupita mbali na mlango wangu.

Nitakuja. Nitasema ni mto. Mto hauwezi kujitetea.

Tanuri likijengwa, wachome wao. Mimi nimeshaomba kazi kwa mfyatua matofali wa ng'ambo ya daraja. Udongo ni uleule, na tofali haliulizwi hadithi yake.

Usije kunipokea stendi. Njia nitauliza. Siku hiyo ukae nyuma kabisa, mahali nisipokuona, maana nikikuona nitasema kweli, na watu hawa watakosa tanuri. Nikishasema, nitapanda basi nirudi.

Mama yako