Mtu wa Bati Kati ya Mabehewa

Akinyi wangu, sasa? Sisi huku Kaloleni tunapumua. Nyanya yako goti linamsumbua, lakini mdomo mzima kabisa. Juzi kanifokea kwa kuwa nimekata mkebe wake wa majani chai nitengeneze behewa.

Umeuliza mbona reli yangu ya mikebe haina watu. Zamani ilikuwa nao. Mwaka mmoja wa miaka ya sabini mimi na rafiki yangu Oduor tuliunda stesheni nzima ya waya na bati, tukaionyesha kwenye holi ya mtaa. Nilikuwa fundi, usinibishie. Kazi ya baba yake Oduor ilikuwa kuunganisha mabehewa ya treni, na mwaka huo yalimbana akafa. Oduor akamtengeneza kwa bati, akamsimamisha pale pale pa kazi yake, kati ya mabehewa mawili.

Mimi nikapaza sauti, "Njooni muone, hata Ulaya hawana!" Watu wakacheka, wakajaa. Kisha Mama Oduor akapenya katikati yao, akaangalia, akainama.

"Baba Oduor," akamwambia yule wa bati, kama anayemwita mumewe chakula kinapoa, "si utoke hapo?"

Akamchukua kwa vidole viwili, akamfunga kwenye pembe ya leso, pale anapofungaga pesa ya mboga, akaenda nyumbani.

Oduor akasukuma treni. Mabehewa yakagongana, na katikati hapakuwa na mtu. Tangu siku hiyo sijaweka mtu.

Vaa sweta huko.

Babu yako, fundi hata ukibisha