Ukoo wa Baba Hauna Saratani

Jumanne, 4 Machi
Nimesahihisha madaftari ya darasa la tano, nimepika, nimefua. Majibu yalitoka mchana. Ninayo. Kasoro ya kurithi, ile inayoleta saratani ya matiti iliyomuua mama. Sina uvimbe, ila hatari ni kubwa. Daktari kasema mdogo wangu Rehema naye apime.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia shangazi, ndiye aliyetulea hapa Segerea. Kasema Rehema asiambiwe kitu. Jumamosi wanakuja kumposa. Eti nikifungua mdomo nimemharibia mwenzangu. Nimelia kwa hasira.

Jumamosi, 8 Machi
Mshenga kauliza kama desturi: kwenye ukoo kuna kifafa, kichaa, ugonjwa wowote wa kurithi? Shangazi kajibu bila kupepesa macho kwamba hakuna. Nilikuwa nimeshika sinia la soda. Nikaendelea kuwagawia.

Walipoondoka nikamuuliza. Anasema hajadanganya. Sisi ni wa ukoo wa baba, ugonjwa wa mama yetu aliondoka nao. Anaamini kabisa! Namchukia. Hata mama nimemkasirikia, Mungu anisamehe.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani sikwenda. Nimemwambia Rehema yote, jikoni, akikata kachumbari. Kaendelea kukata. Kisha: "Dada, ungeniacha hata wiki moja nifurahi."

Kahamishia godoro lake chumbani kwa shangazi.

Ijumaa, 14 Machi
Rehema kamwambia mchumba wake. Kwao wamesimamisha posa mpaka apime. Shangazi haitikii shikamoo yangu. Naishi humu kama mchawi. Kosa langu nini? Kupima?

Jumatatu, 17 Machi
Rehema katolewa damu. Nilitaka kumsindikiza, kakataa.

Usingizi hauji. Nikimwombea asiwe nayo, nabaki nayo peke yangu. Kuna dakika niliomba awe nayo. Nimeandika, basi.

Jumamosi, 3 Mei
Rehema hana. Shangazi kapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Nami nimefurahi, kweli kabisa. Halafu nikajifungia chooni.

Jumapili, 11 Mei
Posa imepokelewa. Wakwe wana ombi moja tu: mie nisiwe msimamizi wa bibi harusi, atafutwe mwingine. Shangazi kakubali hapohapo. Nikamtazama Rehema. Hakubisha.

Jioni kaleta gauni lake la kuvaa siku ya kutoa mahari, limejikunja. Nimelipiga pasi, nikamtundikia mlangoni.