Ofisi ya Ghorofani, Sultan Hamud

Mpendwa dada Mwikali,

Jana nilifunga kabisa ofisi ya chama chako. Sijui niseme nini kwanza, kwa hivyo wacha nianze na siku ile mjini Wote, uliyopenda kuisimulia mimi nikiona aibu.

Nilikuwa nimekusukuma kwenye kiti chako hadi dirisha la ofisi fulani. Karani akanitazama juu ya kichwa chako, akauliza, "Huyu anataka nini?" Nikafungua mdomo nimjibu. Ukanigonga mkono.

"Huyu ana mdomo," ukamwambia. "Niulize mimi."

Ulicheka hadi tukafika Mbumbuni.

Chama ulikianzisha kwa kupiga hodi nyumba kwa nyumba. Watu waliofichwa nyumbani kwa sababu ya ulemavu uliwatoa mmoja mmoja. Syombua, fundi wa nguo wa Mbooni anayetembea kwa magongo, alikuja akiwa hajawahi kuketi mkutanoni. Baada ya miaka miwili alikuwa akibishana nawe mbele ya watu, na ulifurahi kweli. Ndiyo maana, siku zako za mwisho hospitalini, ulinishika mkono ukasema, "Syombua aongoze. Wewe wasaidie tu." Nikaitikia.

Sikufanya hivyo, dada. Wafadhili walikuwa wamezoea barua zangu na Kiingereza changu. Waliniomba nishike uongozi kwa muda, nami nikapenda kuitwa mkurugenzi. Nikahamisha ofisi kutoka kile chumba chetu cha Mbumbuni hadi Sultan Hamud, karibu na barabara kuu, ili wageni wasihangaike. Ilikuwa ghorofani. Nilikagua choo, umeme, mtandao. Ngazi nilizipanda mara nne siku hiyo bila kuziona.

Siku ya mkutano wa kwanza nilisikia kelele nikatoka. Syombua alikuwa ameketi kwenye ngazi, anapanda kinyumenyume, magongo akiyavuta. Wengine walikuwa chini wakingoja.

"Ngoja tukubebe," nikasema.

Alipumua kwanza. "Nimebebwa tangu nikiwa mtoto. Kwa Mwikali ndipo mahali pekee ambapo sikubebwa."

Akashuka vilevile alivyopanda. Wenzake wakaondoka naye.

Niliita mikutano mingine, hata nikaiweka chini uwanjani. Walikuja watatu, halafu mmoja, halafu nikaketi peke yangu. Mwezi uliopita nilipanda Mbooni kumsihi Syombua achukue uongozi. Alinipa chai. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Nichukue nini?" akauliza. "Watu wamerudi ndani. Mimi sina nguvu za kupiga hodi upya."

Basi nikaenda kupiga hodi mwenyewe. Nyumba ya kwanza, mama mkwe wa mwanachama niliyemtafuta alisimama mlangoni akaniambia hayuko, amesafiri. Kiti cha magurudumu tulichompa kilikuwa uani, kuku wamekilalia. Niliaga nikaenda zangu. Wewe usingeondoka, najua. Ungekaa hapo hadi wamtoe, na uji wakupe.

Kanisani wananiambia Mungu atafungua njia. Naitikia amina, lakini sioni njia, na nimeacha kuitafuta. Kitu ulichojenga kwa miaka yote ile mimi nimekimaliza nikiwa nimevaa tai.

Sikuombi msamaha, maana waliodhulumiwa wako hai na hawataki kuniona. Nimeandika tu ili habari hii usiisikie kwa mtu mwingine.

Pumzika, dada.

Mdogo wako uliyemwamini