Kioo Kisicho na Jicho

Tarehe 3 Februari

Sihami. Hilo nalitanguliza, salamu zitafuata.

Mwanangu, kitindamimba wangu, hujambo? Mimi ni mzima, mzima kuliko ulivyoniacha. Mguu hauumi, kifua hakiumi, chakula nakula na kuongeza. Juzi nimemaliza mapazia ya ile hoteli, madirisha yote ya chini, na meneja akasema hajaona pindo lililonyooka namna ile tangu aanze kazi. Nakuandikia haya ili uyapeleke kwa aliyekutuma.

Maana barua yako nimeipata. Nimeisoma uani, juani, kwa ajili ya hewa tu. Umesema unataka kuniletea zawadi ya kusomea vitabu, ama tableti ama kile kingine cha kusomea tu, nichague. Hapo nikafurahi, nikamwonyesha Fundi Pindo, mwenzangu wa kushona, bahasha, nikamwambia mwanangu huyo, yuko duka kubwa la vioo na umeme, anavaa shati lenye jina la duka kifuani. Kisha nikageuza ukurasa nikakuta maswali. Nashika vitu kwa mkono mmoja au miwili? Kiganja kinachoka? Nikikaa kusoma nachoka baada ya muda gani? Nasahau nilipoishia? Huwa naangusha vitu? Nyumbani nina mtu wa kunisaidia kitu kikigoma?

Mwanangu, nimekuzaa. Nakujua unapoanza kuzunguka mbuyu. Hayo siyo maswali ya kununulia mtu kitu. Hayo anaulizwa mtu mzima kabla hajafungiwa mizigo yake.

Unamkumbuka jirani yetu tuliyemwita Redio? Wanawe walianza hivihivi. Walimletea kiti cha kuogea, cha plastiki, kizuri, wakawa wanamuuliza analala vipi, anasahau vipi. Leo yuko kwa mwanawe wa kwanza, analala chumba kimoja na baiskeli na friji bovu, na sebule yake huku mtaani kinyozi ananyolea watu. Yule mama aliyekuwa akiamsha mtaa mzima kwa sauti, nikimpigia sasa ananijibu "niko salama" basi, halafu kimya.

Nani amekutuma? Nijibu kwa barua. Simu sitaki. Nikimpigia dada yako nasikia mwangwi, najua ameniweka kwenye spika na mumewe anasikiliza huku anatafuna.

Mama yako, mwenye nyumba


Tarehe 9 Februari

Shikamoo Mama,

Natumaini barua hii imekukuta na afya ileile uliyonieleza. Mimi sijambo, miguu tu inauma kwa kusimama kaunta.

Mama, hakuna aliyenituma. Maswali yale nawauliza wateja wote. Mtu anaingia dukani, ananyooshea kidole kitu kinachong'aa kuliko vyote, ananunua, na wiki ijayo anarudi amenuna. Kuna mzee mmoja alichukua tableti kubwa kabisa ya kusomea kitandani. Ikamtoka mkononi ikamwangukia puani, akaja na plasta kunidai pua yake. Tangu siku hiyo nauliza kwanza.

Tableti ina kila kitu: picha, sauti, kamera mbele na nyuma. Kioo chake kinawaka kama simu, ukikitoa juani unajiona mwenyewe badala ya maandishi, na ni nzito. Kile cha kusomea ni chepesi kama daftari. Kioo chake hakimeremeti, kinafanana na karatasi, juani ndiyo kinapendeza, na chaji inakaa wiki kadhaa. Lakini kazi yake ni moja tu. Ndiyo maana nataka kujua unakaa vipi na unashika vipi.

Kuhusu Dada, nadhani atakuja kukuona karibuni.

Nijibu Mama, tafadhali.

Mwanao, kitindamimba


Tarehe 17 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sijambo, na mashine haijambo, nimeitia mafuta.

Umeandika ukurasa mzima kuhusu vioo, na kuhusu dada yako mstari mmoja. Nimeuona huo mstari. Mtu asiye na la kuficha hamfichi mtu kwenye mstari mmoja.

Na kweli amekuja, bila taarifa, katikati ya kazi. Alisimama mlangoni, jua liko nyuma yake, mkoba begani, kimya. Nikamkaribisha kama ninavyomkaribisha mteja yeyote, nikamuuliza dirisha lake lina upana gani. Basi alivyoniangalia, utadhani nimemtukana. Nikacheka, nikamwambia amekonda hadi nimemdhani mteja. Yeye hakucheka. Alizunguka nyumba nzima akishikashika. Akajaribu ngazi za uani, akafungua jiko akanusa, akaniuliza leo ni siku gani. Nikamjibu ni siku ya kutoa taarifa kabla ya kuja kwa watu. Kabla hajaondoka akatandika zulia la mpira bafuni. Unaona? Redio kiti, mimi zulia.

Sasa majibu yako, uyapeleke yote bila kupunguza. Nashika kwa mkono mmoja, na ule mwingine nabeba cherehani. Kiganja hakichoki. Macho ninayo ya mwewe. Sisimizi akivuka barabara naweza kukwambia ameshika nini. Nilipoishia sisahau. Siangushi kitu ila anayenichokoza. Msaidizi sihitaji, watu ndio wanakuja kwangu kusaidiwa.

Na kusoma nasoma kila siku. Unajua desturi ya chumba changu cha kushonea: wenzangu wanapiga mapindo na kushona vifungo, mimi nasoma kwa sauti. Kile kitabu ulichoniachia tunaendelea nacho. Kimenoga, mwanangu. Yule mwanamke dereva wa lori sasa amegundua mumewe ana nyumba ya pili, na ameegesha lori mlangoni hakuna anayetoka wala kuingia. Fundi Pindo juzi alijichoma sindano kwa ajili yake. Wanasema hawajaona kitabu kirefu hivi kisichochosha.

Kuhusu tableti: Fundi Pindo anasema ile kamera ya mbele haisinzii. Mtu aliye mbali anaweza kukutazama umekaa, umelala, umevaa kanga moja. Ndiyo mpango wenu? Mnitundikie jicho ukutani ili dada yako ahesabu ninavyojikwaa? Kama ndivyo, nitalivalisha pazia. Mapazia ndiyo kazi yangu.

Mama yako, macho makali


Tarehe 2 Machi

Shikamoo Mama,

Hali yangu ni njema. Barua hii naiandika kwa kalamu nene, na utaelewa kwa nini.

Kwa majibu uliyonipa, ningekuuzia tableti nzito kuliko zote, yenye maandishi kama mchanga. Ingekuangukia puani siku ya kwanza.

Mama, kitabu kile nilikisoma mimi kabla ya kukuachia. Kinahusu ndugu wawili na shamba la chai. Hakina mwanamke dereva wa lori. Hakina lori.

Halafu nimetoa barua zako za zamani nikaziweka pamoja na hii ya juzi. Zamani ukurasa mmoja ulibeba habari za mtaa mzima na chumvi juu yake. Sasa herufi zimekua, ukurasa unabeba salamu na mashine tu, na mistari inapanda juu kama inaenda ghorofani.

Sikulaumu. Nakwambia kwa sababu umeniuliza nani kanituma, nami sikukujibu vizuri. Maswali ni yangu, hilo ni kweli. Lakini na Dada ana yake. Alipotoka kwako alinipigia akilia. Anasema umemsahau sura, wewe uliyemzaa. Anasema kichwa cha Mama kimeanza kuondoka. Tangu mwaka jana anasema ukae kwake, sasa ameshapaka rangi chumba cha nyuma. Kaka amekubali. Mimi nimewaambia wangoje.

Kwa sababu mimi nadhani si kichwa. Mtu ambaye kichwa kimeondoka hawezi kutunga lori, mume, na nyumba ya pili, kila siku, bila kujichanganya. Nadhani jua lilikuwa nyuma ya Dada na hukumwona. Lakini siwezi kuwaambia hilo bila ruhusa yako, na siwezi kulithibitisha kwa maneno matupu.

Nimechagua mimi. Ni kile cha kusomea tu. Kinakuja kwa ofisi ya vifurushi. Hakina kamera. Ndani nimeweka kitabu kilekile cha shamba la chai. Kitufe kimoja pembeni kinakuza herufi. Bonyeza mpaka utakaporidhika wewe, si mpaka atakaporidhika mtu mwingine. Na nenda kwa daktari wa macho. Nakuomba.

Mwanao


Tarehe 27 Machi

Shikamoo Mama,

Mbona kimya? Ofisi ya vifurushi wanasema umesaini wewe mwenyewe. Simu hupokei. Dada anasema kimya chako ndicho jibu. Amepanga kikao kwake mwishoni mwa mwezi ujao, na Kaka ameshaongea na mwenye gari la kubebea vitu. Mashine wanasema haitapita mlango wa kile chumba, itabidi iuzwe.

Kuhusu macho sijawaambia neno. Nangoja wewe.

Mwanao


Tarehe 11 Aprili

Mashine haiuzwi, na yule mwenye gari mwambieni atafute mzigo mwingine.

Mwanangu, kitindamimba wangu, hujambo? Shati la kazi bado linakukaa vizuri? Mimi sijambo, na safari hii usitafute chumvi, sijambo kweli.

Kimya changu kilikuwa cha uchunguzi. Kifurushi kilipofika sikukifungua. Nilikiweka chini ya beseni, nikaweka na tofali juu, nikangoja nione kama kitawaka chenyewe. Hakikuwaka. Nikakitoa, nikakigeuza mbele, nyuma, ubavuni, nikapapasa kila pembe kwa kidole kama ninavyopapasa mshono. Jicho sijaliona. Fundi Pindo naye kapapasa, hajaliona. Hata hivyo nilikitega siku kadhaa kikiwa kimetazama ukuta, nikawa nasema karibu nacho kwamba nimepata mchumba mwanajeshi. Dada yako hakupiga simu. Hapo nikajua kweli hakisikii, maana habari kama hiyo asingeivumilia hata nusu saa.

Ndipo nikakibonyeza. Nikakuza herufi, nikakuza tena, mpaka ukurasa ukabaki na maneno machache yamekaa kwa nafasi kama watu waliolipia viti. Nikasoma neno la kwanza. Likafuata la pili. Mwanangu, sitasema nililia. Nitasema niliacha chai ikapoa.

Nimekisomea nje na ndani. Kiganja hakijachoka, na sasa nasema kwa kweli. Bado kuna mambo siyaamini. Chaji haiishi, na kitu kisichoisha nina wasiwasi nacho. Na kurasa zilizopita sijui zinakwenda kukaa wapi. Lakini tunaheshimiana.

Daktari wa macho nimemwona pia, nimekwenda mwenyewe, Fundi Pindo kanisindikiza mpaka mlangoni tu. Ni mtoto wa jicho, pande zote mbili. Daktari aliita na wenzake waje wanitazame. Alisema hajapata kuona mtu akishona mapazia na ukungu mzito namna ile. Nikamwambia vidole vyangu vinaujua mshono kuliko macho ya watu wengi. Watanisafisha jicho la kulia mwezi wa sita, kisha la kushoto. Daktari aliniuliza pia leo ni siku gani, nami nikamtajia siku, tarehe, na zamu yake inaisha lini, maana imebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa.

Sasa kuhusu kile kitabu. Niliwasomea wenzangu mwanzo wake, wa kweli, ndugu wawili na chai yao. Wakasikiliza, mapindo yakaenda. Siku ya tatu Fundi Pindo akaweka sindano chini. Akasema, "Mama, hawa ndugu ni watu wazuri. Lakini yule mwanamke tumemwacha ameziba mlango kwa lori. Anakula nini mle ndani?" Wote wakanitazama. Nikazima kioo, nikamtoa yule mwanamke kwenye lori. Kwa hiyo sasa asubuhi ndugu wa chai, jioni lori. Walikuwa wanajua, mwanangu. Muda wote walikuwa wanajua, wakawa wananyamaza ili nisiache.

Dada yako sina kinyongo naye. Mtoto akikaribishwa na mama yake kama mteja, lazima alie. Mwambie sura yake sijaisahau. Ana kovu dogo chini ya nyusi ya kushoto, aliangukia mguu wa cherehani hiihii akijifunza kutembea, na damu yake ilichafua pazia jeupe la watu nikalishona upya usiku kucha. Mwambie hivyo, kwa maneno hayohayo. Macho nimempa ruhusa ya kuyalilia, kichwa sijampa. Na zile barua zangu unazoziweka pamoja, mwonyeshe.

Ila sikuamini wewe wala wao mkiwa mmekaa kikao mimi sipo. Kikao cha dada yako nimekihamisha. Kitakaa kwangu, chumba cha kushonea, viti vipo. Aje yeye na mumewe, mumewe aje ameshakula. Kaka yako aje na mkewe. Wewe omba ruhusa dukani mapema, na ulete kitabu kingine ambacho sijakiona wala kukisikia, ukiingize ndani ya kitu chenu hicho. Dada yako achague ukurasa, popote apendapo. Nitausoma mbele ya wote, kisha nifunge, nimweleze kilichomo. Nikishindwa, nitafunga mzigo wangu mwenyewe. Nikiweza, kile chumba cha nyuma mpeni Redio, ahame kwenye baiskeli.

Na mtu asitangulie kuja kunichunguza. Mkifika mpite mlango wa uani, jua liwe usoni mwenu, niwaone mmoja mmoja niwataje.

Nawangoja wote Jumamosi, tarehe ishirini na tano, saa nne asubuhi.

Mama yenu