Kifyatulio Chepesi cha Dada Lorene

Kwako dada Lorene,

Mimi mzima, na bado ndiye fundi bastola mwenye sura nzuri kuliko wote hapa Oklahoma. Kuku wako wanatagaje?

Jirani yako Wendell ameniletea bastola yako. "Fundi," akasema, "ukipiga risasi moja, kifyatulio hakirudi." Dada, hizo spea za mtandaoni nani alikudanganya ufunge? Springi laini kama ya kalamu, kifyatulio kinavutika kwa kuguswa tu! Nimeigonga bastola kwa nyundo ya mpira ikiwa haina risasi, ikajifyatua yenyewe. Ungejipiga risasi ya paja.

Nikamtania Wendell, "Bingwa wa shabaha wa kaunti nzima anataka kifyatulio chepesi cha nini?"

Akainamisha kichwa. "Usimwambie nimesema. Siku hizi hata chupa ya achari namfungulia mimi."

Hapo kicheko kiliniisha. Mama naye ugonjwa ulimwanzia vidoleni.

Nimerudisha spea za kiwandani, ngumu kama zamani, na bastola inabaki kwangu kwanza. Jumamosi nakuja na gari tumwone daktari wa mikono. Ukinibishia, nitakubeba begani mbele ya kanisa zima. Na kama unaogopa, nitatangulia kumpa mkono wangu aukague.

Mdogo wako akupendaye,
Delbert