Kofia Niliyompungia Bosi

Jumatatu, 3 Juni 2024

Leo tena madereva wameshuka kama wanawahi kuzika. Mteremko wote huu wa Goba ni vumbi na honi, tuta hata moja hakuna. Kwetu Newala gari likipita watu wanauliza ni la nani. Hapa anayeulizwa ni wewe mtembea kwa miguu: unatafuta nini barabarani!

Trafiki wako kule chini kwenye kalavati, mtaro unapopita chini ya barabara, na tochi yao ya kupimia mwendo. Wanavizia tu. Madereva wanawashiana taa, wanapunguza mbele ya afande, wakishampita wanakanyaga upya. Washenzi watupu.

Mkubwa wao ni bosi Apolinari, mwenye hii nyumba tunayojenga. Asubuhi kashusha kioo: we Mmakonde, ukiwaona wale wenye tochi, nipungie kofia. Nikasema sawa bosi. Nimezoea kusema sawa.

Jumatano, 5 Juni

Nimepunga. Bosi kapita kalavatini taratibu kama bwana harusi, afande hana la kusema.

Demetria wa uji kacheka sana. "Kaka Albano, siku hizi umekuwa taa za barabarani?" Nikamwambia alete uji, aache maneno. Maskini, lundo letu la mchanga linamziba, haoni wanaotoka juu. Kila siku saa nne anasimama ng'ambo na ndoo, ananitazama mie niliye juu ya lundo. Nikimpungia, anavuka.

Ijumaa, 7 Juni

Demetria kagongwa. Gari la bosi. Trafiki walikuwepo, nikampungia bosi kofia, na Demetria alikuwa ng'ambo ananitazama.

Uji umemwagika mpaka kwenye mchanga wetu. Siandiki zaidi.

Jumamosi, 8 Juni

Mguu wa kushoto, umevunjika sehemu mbili. Bosi kawaambia trafiki mama kakatiza ghafla, yeye alikuwa anaenda polepole. Polepole! Afande kapanda saiti, kauliza nani kaona. Mafundi saba, wote vipofu. Kasema bila shahidi hana kesi.

Fundi Stephano, msimamizi wetu, kanivuta nyuma ya matofali. Wewe ulikuwa unachota maji, Albano, umesikia? Ukitaka kwenda kusema, nenda na shepe lako, usirudi. Nyumba ina miezi sita mbele, na mie kazi nyingine sina. Nikasema sawa.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda hospitali na machungwa. Demetria hakulia, hakutukana. Kaniuliza neno moja tu:

"Kaka, si ulinipungia?"

Nikasema ndiyo. Sikumwambia nilikuwa nampungia nani. Laiti angenitupia yale machungwa usoni.

Jumanne, 11 Juni

Saa nne. Trafiki wamerudi kalavatini. Ndoo ya uji sasa anabeba Anna, mdogo wake Demetria. Kaniamkia shikamoo, mie hata kumtazama siwezi. Nikamwambia asivuke kwa mkono wangu tena. Apande mpaka lundo linapoishia, aangalie kwa macho yake.

Halafu bosi huyo, anashuka. Kaweka taa mpya, badala ya ile iliyovunjika alipomgonga Demetria. Kanitolea macho tangu mbali, kapiga honi, anangoja kofia. Kofia nimeikalia! Kapita kama risasi, tochi ikampata.

Sasa wamemsimamisha. Naandika juu ya mfuko wa saruji, nawaona. Bosi anafoka, ananyoosha kidole huku juu, kwangu mie. Sijui anamwambia nini afande. Afande anatazama kidole kinakoelekea. Kavua kofia yake nyeupe, anapunga.

Fundi Stephano kasema usishuke, hajakuita wewe, hajui hata jina lako. Mafundi wote wameinama kwenye zege.

Anna kaweka ndoo chini. "Kaka, yule anamwita nani?"

Nimemjibu: mie.

Nimechukua shepe langu, nashuka.