Mashua ya Saa Moja

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimeliokota kwenye takataka za ofisini kwa Meneja. Meneja ni mwanangu. Kazini wanamwita hivyo kwa heshima, mimi namwita hivyo kumchokoza. Ni shajara ya mwaka uliokwisha kufa, siku hazilingani na tarehe, basi nafuta naandika zangu juu. Kumbe hata mwaka unatumika mara ya pili, ukiwa mbishi.

Leo amekuja. Kakaa ncha ya kiti kama anaogopa kunguni. Wimbo ule ule: nyumba imechoka, paa limechoka, wazazi wamechoka. Tuhamie kwake mjini, ghorofa ya nne, lifti ipo, hospitali ng'ambo ya barabara. Nikamwambia ghorofa ya nne ni karibu mno na Mungu, nami sina haraka naye. Hakucheka. Huyu mtoto sijui nilimwokota wapi! Mama watoto naye hakucheka, lakini yeye alikuwa anasugua magoti.

Wakati wa kuaga, Meneja akatupa jicho uani. Mashua yangu imelala pale kifudifudi miaka kumi na sita, kuku wanatagia chini yake. Akasema, baba, hata hiyo umeshindwa kuitupa.

Hapo alinikanyaga kidole. Nikasema sitaitupa, itaelea! Akasema, hiyo ikielea, baba, neno la kuhama hulisikii tena kinywani mwangu. Nikamwambia mdomo hauna muhuri, tuandike. Nikaandika mwenyewe, kwa elimu yangu ya darasa la nne (la tano nililiruka kwa kutokea dirishani):

Mashua ikielea saa moja, wazee hawahami. Isipoelea, wanahama bila maneno. Jumamosi tarehe 29 Machi.

Yeye sahihi, mimi sahihi. Mama watoto shahidi. Alikuwa anakanda, akagandamiza dole gumba la unga. Karatasi iko nyuma ya kioo.

Jumanne, 4 Machi

Nimeipindua. Kuku wamenitukana kwa lugha zao zote.

Mkuku, yaani uti wa mgongo wake, mzima. Mbavu zake kumi na moja — saba zimeoza. Mbao za ubavuni ukizigusa zinaingia kidole. Mabinti zangu wawili niliwaoza kwa jasho na magomvi, hizi mbao zimeoza zenyewe, hata mshenga hazikungoja!

Nimekaa juu ya ndoo nikaitazama. Nayo ikanitazama.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwita Fundi Kesho. Seremala mzuri sana, tatizo lake ni moja, ameliweka kwenye jina. Kaizunguka mashua mara mbili, kagonga hapa, kanusa pale, kavua kofia.

"Mzee wangu, hii si mashua. Hii ni marehemu."

Nikamwambia basi nisaidie kumvika sanda inayoelea. Kacheka mpaka kakohoa. Akasema kesho anakuja na randa.

Jumatatu, 10 Machi

Kesho bado haijafika.

Lakini nimepata mbao! Shule ile niliyoitoroka imetupa madawati yake nyuma ya vyoo. Mlinzi alinikazia macho, nikamwambia nimekuja kumalizia masomo, akafungua. Nimebeba kwa toroli, safari nne. Juu ya ubao mmoja mtoto amechora kwa msumari: HESABU NI UCHAWI. Mtoto mwenye akili. Huo nitauweka chini kabisa, ndani, pale ninapokaa. Miaka sitini nimelikimbia dawati, mwisho wake nalipigilia misumari nilikalie kwa hiari yangu.

Alhamisi, 13 Machi

Misumari ya bati, iliyong'olewa. Nanyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe. Msumari mmoja, kidole kimoja. Mkono wa kulia umeanza ngoma yake wenyewe bila kunialika. Nauwekea wa kushoto juu, na huo nao unaingia uwanjani.

Mbavu mbili tu leo. Zimebaki tano. Siku zimebaki kumi na sita. Hesabu ni uchawi.

Jumapili, 16 Machi

Sasa kukalafati — kusokomeza pamba katikati ya mbao na mbao ili maji yasipate mlango. Pamba sina. Nimejaribu gunia, linapukutika. Nimejaribu fulana yangu ya zamani, mama watoto akasema ile haikuwa fulana, ilikuwa ushahidi.

Kisha akaingia ndani, akatoka na mto wake. Ule wake wa kulalia, wa siku zote. Akaupasua kwa kisu mbele yangu.

"Chukua."

Nikauliza, na wewe utalaza kichwa wapi?

"Mito kule ipo."

Nikacheka! Nikadhani kule ni akhera. Nikamwambia huko usitangulie, na ukitangulia nishikie mto wa upande wa ukutani. Alinitazama kidogo, kama mtu aliyetaka kusema jambo akakuta mlango umefungwa. Akarudi jikoni. Anatembea ameshika ukuta.

Mto wake unanusa mafuta ya nywele. Nimeusokomeza wote. Mashua inanukia kama mke wangu — na bado ina matundu.

Alhamisi, 20 Machi

Mgongo. Sikuinuka.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeyeyusha vipande vya mishumaa, mafuta ya ng'ombe na oili chafu ya gari, nikaipaka tumbo lote. Moshi wake umefukuza kuku, nzi na wageni wawili.

Na Fundi Kesho amekuja! Mimi mwenyewe nilishtuka, nikamuuliza nani kafa. Amenisaidia mbavu tatu za mwisho na kunikemea kwa mengine yote. Akasema mbao kavu zina kiu. Ukizishusha mtoni siku ya shughuli, zitakunywa maji mpaka zikuzamishe. Kwanza izamishe kwenye kina kifupi, siku mbili, mbao zivimbe zifumbe midomo. Ndipo itaelea.

"Yaani niizamishe ili ielee?"

"Ndiyo, mzee wangu. Kama mtoto mkaidi, lazima kwanza aonje."

Jumatano, 26 Machi

Mto uko nyuma ya nyumba, hatua mia mbili. Tumeiviringisha juu ya mabomba mabovu ya maji, mimi, Fundi Kesho na wapita njia waliokuja kucheka wakajikuta wanasukuma. Tukaijaza mawe. Ikazama vizuri kabisa. Kitu cha kwanza ilichofanya bila kunibishia.

Kurudi nyumbani simu inaita. Meneja.

"Baba, pole. Mama kaniambia imezama."

"Haikuzama! Imezamishwa!"

"Tofauti yake nini, baba?"

Huyu tulimlipia chuo kikuu!

Nikamgeukia mama watoto, mbona unapeleka habari nusu? Akasema, mimi nimesema nilichokiona dirishani. Nikaenda kunawa oili. Aliichukua simu tena, nikamsikia nyuma ya mlango anauliza kwa sauti ndogo, chumba chetu hicho dirisha linatazama barabarani au ukutani? Watu wanaonekana wakipita?

Nilibaki na sabuni mkononi.

Lakini mwanamke huuliza. Anauliza hata bei ya vitu asivyonunua. Sivyo?

Ijumaa, 28 Machi

Tumetoa mawe, tumeipandisha. Mbao za zamani zimevimba, zimefumba, safi. Mbao za madawati tatu nazo safi. Ya nne — HESABU NI UCHAWI — imegeuka uji! Haikuwa mbao. Ilikuwa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi na kupakwa rangi ya mbao. Shule nzima ilikalia uji miaka yote hiyo! Ukiibonyeza inatoka vipande kama mkate uliolowa chai. Na chini yake hapo ndipo mto wa mama watoto ulipo, umelowa, umelegea.

Fundi Kesho hakusema kesho. Hilo ndilo lililonitisha. Alisema, mzee wangu, hapo hapana dawa. Nimeziba kwa bati la debe la mafuta, chini yake mpira wa ndani wa tairi, misumari thelathini na mbili. Akasema itashika. Nikauliza muda gani. Akaanza kukusanya vifaa vyake.

Nilirudi nyumbani mchana kuchukua nyundo ndogo. Mama watoto alikuwa anashuka ngazi za uani. Ngazi tatu tu. Anashuka kinyumenyume, mikono miwili ukutani, anatafuta kila ngazi kwa ncha ya mguu kama anayeshuka kisimani. Hakuniona. Alipofika chini alisimama, akahema, akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, akaendelea kuwaita kuku.

Tangu lini? Wiki nne nimekuwa hapo hapo uani, kichwa ndani ya mashua.

Nyundo iko uvunguni mwa kitanda. Karibu yake kuna begi. Kanga zake mbili nzuri, zimekunjwa. Vyeti vya hospitali. Shati langu la kwendea harusini. Na kopo langu la kunyolea, ambalo nimelitafuta siku tatu nikamshuku Fundi Kesho.

Nimelirudisha begi kama lilivyokuwa. Kule. Mito kule ipo. Mpumbavu mkubwa mimi, nikamwambia anishikie mto wa ukutani.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika nikiwa ndani yake. Penseli, maana kalamu ya wino haitaki unyevu. Mtu akiona maandishi yametetemeka ajue ni mawimbi. (Mto hauna mawimbi.)

Niseme kwa mpangilio. Saa moja asubuhi kamili, Fundi Kesho ana redio, mtangazaji akatamka saa moja, tukasukuma. Ikaelea! Wallahi ilielea, imeinama kidogo upande wa kushoto kama mimi. Nikapiga kelele nimeshinda! Maana karatasi inasema nini? Mashua ikielea saa moja. Ndiyo hii, saa moja, inaelea! Huo mtego niliutega siku ile ile ya tarehe tatu, nikaulalia mwezi mzima kama kuku wangu.

Meneja akafika na gari saa moja na nusu, kamleta mama yake hadi ukingoni, kamwekea kiti. Nikamweleza. Akashika kiuno.

"Shikamoo kwanza, baba. Saa moja ni muda. Dakika sitini."

"Marahaba. Saa moja ni saa moja. Muulize mtangazaji."

"Baba, hata paka wangu anaelea sekunde moja!"

Tukabishana mpaka wavuvi wawili wakaacha ndoano. Fundi Kesho akatoa shauri: shahidi yupo, aulizwe. Nikasema haya, shahidi. Mama watoto, siku ile tulikusudia nini?

Nilikuwa natabasamu. Miaka arobaini na minane hajaniangusha mahali popote. Hata siku nilipomwambia polisi nilikuwa nyumbani, naye akaapa nilikuwa nyumbani.

Aliivuta kanga mabegani. Hakumtazama Meneja, alinitazama mimi.

"Dakika sitini," akasema.

Fundi Kesho akazima redio.

Nikasema, basi, nikapanda. Saa mbili kamili tukaanza kuhesabu. Nimechukua daftari na kopo. Kopo lile la kunyolea. Jana mchana nililiacha begini, leo alfajiri nimelikuta mbele ya kioo, juu ya karatasi ya mkataba iliyotolewa nyuma yake. Mimi sikuliweka pale.

Dakika ya kumi na mbili. Bati linatoa machozi. Nimechota makopo matatu kisiri, huku nikiimba, ili wasione.

Dakika ya ishirini na sita. Si machozi tena. Misumari miwili imeachia. Nachota, inaingia. Nikifululiza naweza, nimepima, makopo mawili kwa pumzi moja. Mkono unauma lakini unaweza. Meneja ananiita, baba, uko salama? Nimempungia. Amenipungia. Kwa mbali anafanana na mimi, maskini.

Dakika ya thelathini na tisa. Nimepumzika kidogo kuandika, na maji yamefika vifundoni. Vipande vya pamba vinatoka chini ya bati, vyeupe, vinaelea vinazunguka miguu yangu. Mto wake. Ameketi pale, magoti yamefunikwa. Hatazami saa. Wote wanatazama saa ya Meneja, yeye anatazama mkono wangu.

Angetaka nizame asingeniwekea kopo. Angetaka nielee angesema saa moja ni saa moja. Mwanamke huyu! Arobaini na minane, na bado ananipa mtihani, mimi wa darasa la nne.

Nikimuuliza kwa sauti atasema fanya unavyoona. Namjua. Amesema hivyo maisha yote, na mimi maisha yote nikafanya nilivyoona, na nilikuwa sioni.

Dakika ya arobaini na nne. Maji yananusa mafuta ya nywele. Meneja anavua viatu. Fundi Kesho anapiga kelele, chota, mzee wangu, chota sasa! Sasa! Mara ya kwanza nasikia neno hilo mdomoni mwake.

Yeye hajainuka kitini. Kopo limeniponyoka miguuni, linaelea lenyewe, zuri, limenyooka, linaelea kuliko mashua. Liko karibu. Nikinyoosha mkono nalifikia. Kulia nina penseli, kushoto daftari. Naliacha liende.